Ngoma na Uzito Mkononi: Nguvu ya Akina Mama wa Kaskazini Mashariki Imekwenda Wapi?

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini hapana shaka wahenga hao wangeshangaa kuona mambo ya leo, ambapo mtu hutafuta mzigo kwa hiari yake, akaulipia fedha, kisha akaingia nao ngomani. Katika miji mingi ya dunia, na Nairobi yetu ikiwemo, akina mama hupanga safu mbele ya mwalimu, muziki ukavuma, na kila mmoja akawa ameshika mkononi kijichuma cha nusu kilo au kilo moja. Wanacheza, wanatoka jasho, na wanasema kuwa ndiyo njia ya kuupa mwili afya.

Je, jambo hili lina maana gani kwa mama wa Garissa, wa Wajir au wa Mandera? Je, ni upuzi wa wageni wasiojua mzigo ni nini, au ni kitu chenye faida? Makala haya yatajaribu kulipima jambo hilo kwa mizani iliyo sawa, maana linahusu afya ya mama zetu na dada zetu, na vilevile linagusa utamaduni wetu.

ASILI YA MTINDO HUU

Kushika uzito mkononi wakati mwili unakwenda si jambo la jana. Wayunani wa kale, katika mashindano yao ya kuruka mbali, walishika mikononi vipande vya mawe au vya madini, wakavirusha mbele na nyuma ili kuusaidia mwili kupaa. Vipande hivyo waliviita halteres. Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Kenneth Cooper, alitoa kitabu kilichofundisha umma kwamba moyo na mapafu hupata nguvu kwa mazoezi yanayoendelea kwa muda bila kukatizwa. Mwaka uliofuata, wanawake wawili wa Marekani, Jacki Sorensen na Judi Sheppard Missett, kila mmoja kwa njia yake, waliyageuza mazoezi hayo kuwa ngoma.

Mwaka 1982 mtindo huo ulishika kasi kweli kweli. Mwigizaji wa sinema Jane Fonda alitoa kanda yake ya video ya mazoezi ya kucheza, ikauzwa dunia nzima. Mwaka uo huo daktari mwingine Mmarekani, Leonard Schwartz, alitoa kitabu kiitwacho Heavyhands, akieleza kwamba anayetembea au kucheza huku ameshika uzito mdogo na kuitumia mikono yake kwa bidii, atakuwa ameufanyisha kazi mwili wote badala ya miguu peke yake. Baadaye ikaja Zumba, ngoma ya mazoezi iliyoanzishwa na Alberto Pérez wa Colombia, ambayo tangu mwaka 2001 imeenea kila bara. Nayo pia ina tawi lake la kucheza na vijiti vyenye uzito.

MIKONO YETU HAIKUWA MITUPU

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Mtu asidhani kwamba ngoma za Afrika Mashariki zilichezwa mikono ikining'inia tu. Mmijikenda hushika kayamba kwa mikono miwili akaitikisa usiku kucha, na kayamba, ijapokuwa ni ya mabua na mbegu, mtu akiitikisa saa nzima ataujua uzito wake. Kule Lamu, majirani wa Ijara, wanaume hucheza kirumbizi kwa bakora, huku zumari ikilia. Unguja wanayo razha ya panga.

Wasomali nao wana dhaanto, ngoma inayochezwa na wanaume na wanawake, ambayo mwendo wake huiga hatua za ngamia: shingo inakwenda, mabega yanakwenda, mikono inapanda na kushuka. Mchungaji anayeingia katika ngoma hiyo aghalabu haachi fimbo yake nyuma. Tena wako wanaogonganisha shanbal, yaani vibao viwili vya mti, ili kushika mapigo.

Lakini ngoma inayotuhusu hasa ni ile ya akina mama wenyewe, buraanbur. Hii ni tungo ya mashairi ya wanawake, na husikika sana kwenye harusi. Mama mmoja hughani, wenzake hupiga makofi na ngoma iitwayo durbaan, na wachezaji huingia katikati ya duara, mmoja mmoja au wawili wawili, miguu ikipiga ardhi kwa haraka, mikono imeshika shuka ya mabegani na kuitandaza. Aliyewahi kuiona atakubali kwamba si mchezo wa mvivu. Bibi wa makamo akitoka katikati ya duara hutoka anahema. Ikiwa mazoezi ni kuufanya moyo uende mbio kwa muda na kuutoa mwili jasho, basi akina mama wa Kaskazini Mashariki walikuwa wakifanya mazoezi kabla daktari Cooper hajaandika neno lake la kwanza.

MJI ULIPOONDOA MZIGO

Ngoma, hata hivyo, ilikuwa ni ya siku za furaha. Nguvu ya mikono ilitoka katika kazi za kila siku. Mama wa mfugaji ndiye aliyeijenga nyumba, ile aqal ya miti iliyopindwa na mikeka. Jamii ilipohama, yeye ndiye aliyeibomoa, akaipakia juu ya ngamia, na kuijenga upya huko waendako. Yeye ndiye aliyetwanga nafaka kwa kinu na mchi. Yeye ndiye aliyekitikisa chombo cha maziwa, haan, mbele na nyuma kwa muda mrefu mpaka siagi ikajitenga. Na kazi hizo zilikuwa na nyimbo zake, kwa sababu mkono unaofuata wimbo hauchoki upesi. Tukitazama vyema, kutikisa maziwa kwa mapigo ya wimbo kuna tofauti gani na kucheza huku umeshika uzito? Tofauti ni kwamba ile ya kwanza ilileta siagi.

Mambo yamebadilika. Ukame mkali ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mapema mwaka 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha, uliangamiza mifugo wengi na kuzisukuma jamaa nyingi kwenye kingo za miji. Hata kabla ya hapo watu walikuwa wakihamia Garissa mjini, Wajir mjini na Mandera mjini. Huko mjini unga huja umesagwa tayari. Maji huletwa na bomba, na yasipokuja kwa bomba huja kwa mkokoteni wa punda. Nyumba ni ya mawe na mabati, haihamishwi. Mama aliyekuwa akisimama mchana kutwa sasa huketi mchana kutwa: ameketi sokoni mbele ya maziwa au nguo anazouza, au ameketi nyumbani.

Mtu asielewe vibaya hapa. Hatusemi kwamba mama arudishiwe mtungi mgongoni. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na kuubeba kwa mwendo wa kilomita kadhaa, tena na mimba tumboni, ni mateso yanayouharibu mgongo. Bomba la maji ni neema. Tunalosema ni kwamba mzigo ule ulipoondoka, uliondoka pia na kitu kingine ambacho hakuna aliyekihesabu, nacho ni kazi ya misuli.

Hesabu yake sasa inaonekana hospitalini. Uchunguzi wa Wizara ya Afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wapatao 27 walikuwa na uzito wa mwili uliopita kiasi. Kwa wanawake idadi hiyo ilipita 38. Kwa wanaume haikufika 18. Karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakujua. Bila shaka hizo ni hesabu za nchi nzima, na huko malishoni wako akina mama waliokonda kwa njaa ambao hawana haja ya kupunguza chochote. Basi maneno haya yanamhusu zaidi yule wa mjini, anayekula wali na chai ya sukari nyingi, na ambaye mwili wake umekosa kazi.

UZITO MDOGO HUFANYA NINI?

Tuingie sasa katika kiini cha jambo. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Hiyo ni nusu kilo. Ishike karibu na kifua. Huoni uzito wowote. Sasa nyoosha mkono wako mbele, sawa na bega, uiache chupa huko. Baada ya nusu dakika bega litaanza kuwaka. Uzito ni ule ule, lakini mkono ulionyooshwa ni kama mtaimbo: kadiri mzigo unavyokaa mbali na bega ndivyo bega linavyolazimika kuvuta kwa nguvu iliyo mara nyingi zaidi ya uzito wenyewe. Ndiyo sababu kijichuma kinachoonekana kama cha mtoto humtoa jasho mtu mzima.

Wataalamu wa mazoezi hukadiria kwamba anayetembea au kucheza akiwa ameshika uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja na nusu, na kuitumia mikono ipasavyo, hutumia nguvu ya mwili iliyozidi kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 kuliko asiyeshika kitu, na moyo wake huongeza mapigo yapatayo 5 hadi 10 kwa dakika. Hiyo ni faida, lakini si muujiza. Anayedhani kwamba vijichuma hivyo vitayeyusha mafuta ya mikono peke yake, huku tumbo na nyonga zikibaki, anajidanganya. Mwili hauchagui mahali pa kutoa mafuta kwa amri ya mwenyewe.

Tena liko jambo ambalo wauzaji wa vyuma hawalisemi. Uzito ulio mwepesi kiasi cha kuchezewa ngoma ni mwepesi mno kuujenga msuli wenye nguvu hasa. Msuli hukua ukipewa kazi nzito, polepole, hata ukaribie kuchoka. Na nguvu hiyo ndiyo inayohitajiwa zaidi na mama anayezeeka. Mtu akishapita miaka 30 misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo, na kwa mwanamke, mifupa hudhoofika upesi zaidi baada ya hedhi kukoma. Atakayemwezesha bibi kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono ni msuli wa paja. Vijichuma vya nusu kilo havimsaidii huko.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika maongozi yake ya mwaka 2020, lilitaja mambo mawili na si moja. Kwanza, mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Pili, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili siku mbili au zaidi katika wiki. Ngoma inatosha kwa lile la kwanza. Lile la pili lina wakati wake.

HATARI ZAKE

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na bega nalo ni vivyo hivyo. Uzito unaorushwa kwa kasi hauna breki. Mkono ukifika mwisho wa safari yake, chuma hutaka kuendelea, na kinachokizuia ni kano za bega na kiwiko. Katika ngoma ya haraka, mchezaji hufuata mapigo, hafuati bega lake, na hapo ndipo madhara yanapotokea. Kwa hiyo uzito na kasi havikai nyumba moja: ukiongeza kimoja, punguza kingine.

Mwenye shinikizo la damu ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Kukikaba chuma kwa nguvu, kuiweka mikono juu ya kichwa muda mrefu, na kuzuia pumzi, yote matatu hupandisha presha. Mtu wa namna hiyo, pamoja na mja mzito, mwenye ugonjwa wa moyo au wa sukari, na yule aliyewahi kuteguka bega, yafaa azungumze na daktari au muuguzi kwanza, kisha aanze na mikono mitupu. Na kuhusu wale wanaofunga uzito kwenye vifundo vya miguu wakati wa kucheza, ushauri ni mmoja: wasifanye hivyo, maana huyavuta magoti na nyonga na kuuharibu mwendo wa asili.

Zaidi ya yote liko jua. Garissa joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35. Kucheza saa saba mchana ndani ya chumba cha mabati si afya, ni kujitafutia kiharusi cha joto. Wakati ufaao ni alfajiri baada ya sala, au usiku baada ya magharibi, na maji ya kunywa yawe karibu. Katika mwezi wa Ramadhani, ni heri kungoja hadi baada ya kufuturu, chakula kikishatulia tumboni.

NAMNA YA KUANZA

Mama anayetaka kujaribu hahitaji kununua chochote. Chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji zinatosha. Baada ya wiki kadhaa, akiona mwili umezoea, azimwage maji azijaze mchanga mkavu. Kila moja itakaribia kilo moja bila kumi ya kilo au mbili. Azishike bila kuzikaba.

Kwanza achezeshe mwili dakika kumi bila uzito wowote, mpaka jasho jepesi litoke. Kisha ashike chupa kwa nyimbo mbili au tatu zenye mapigo ya polepole, mikono ikipanda hadi usawa wa mabega na kushuka kwa utaratibu, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Halafu aziweke chini, acheze tena mikono mitupu kwa kasi aipendayo. Mwishoni, muziki ukishapoa, asimame mahali pamoja afanye kazi ya misuli: kuketi kitini na kuinuka mara kumi bila kutumia mikono, kuusukuma ukuta kwa viganja mara kumi, na kuinua kitu kizito zaidi, kama galoni ya lita tano, kwa mgongo ulionyooka na magoti yaliyokunjwa. Hilo, mara mbili kwa wiki, litafanya zaidi ya ngoma mia za vijichuma.

Atajuaje kiasi? Watu wa buraanbur wanacho kipimo chao tayari. Anayeweza kuimba shairi zima huku anacheza, hajafanya kazi ya kutosha. Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, yuko mahali panapofaa. Asiyeweza kutamka maneno matatu bila kuhema amepita kiasi, na apunguze. Na kifua kikibana, kichwa kikizunguka, au bega likichoma kama sindano, aache papo hapo.

MAHALI NA HESHIMA

Wako watakaosema: mambo haya hayatufai, sisi ni watu wa staha. Lakini staha na mazoezi havina ugomvi. Katika miaka ya 2000, shirika la UNHCR na kampuni ya Nike zilishirikiana kutengeneza mavazi ya mpira wa wavu yanayositiri mwili kwa ajili ya wasichana wa kambi za Dadaab, hapo hapo Garissa, ili wacheze bila kuvunja desturi. Na huko Minneapolis, Marekani, ambako Wasomali ni wengi, wasichana wao wametengewa saa zao wenyewe katika ukumbi wa michezo, ambapo wanaume hawaingii.

Garissa haihitaji hata hayo. Ua uliozungushiwa mabati, majirani kumi wanaoaminiana, na durbaan moja inayopigwa na mama anayeijua, tayari ni ukumbi kamili. Buraanbur imekuwa ngoma ya wanawake peke yao kwa vizazi vingi. Haikungoja mwalimu wa video aje kuifundisha. Linalohitajiwa ni kuitoa kwenye harusi peke yake na kuipa siku nyingine mbili tatu katika wiki. Faida yake nyingine ni kwamba binti aliyezaliwa mjini, ambaye hakuwahi kuiona haan ikitikiswa wala aqal ikijengwa, atayasikia mashairi ya bibi yake na kuyahifadhi. Mabibi wenye tungo hizo hawatakaa nasi milele.

Basi swali letu limepata jibu. Uzito mdogo mkononi si upuzi, wala si dawa ya kila kitu. Ni kiungo katika mchuzi: kidogo hukoleza, kikizidi huharibu. Mchuzi wenyewe ni mwili kufanya kazi kila siku, na hilo mama wa mfugaji hakuhitaji kufundishwa. Anayetaka kuanza aijaze chupa yake leo, awaite jirani zake, na ampishe mwenye sauti nzuri aanze kughani.